Marufuku ya kuingia Marekani: mahakama iliamua nini hasa mwaka 2018?

Kila Ikulu ya Marekani inapotoa orodha mpya ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia, maswali yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria huwa yaleyale. Wapo wanaosema Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kubariki ubaguzi dhidi ya Waislamu. Wapo wanaosema, kwa uhakika uleule, kwamba mahakama ilichunguza ikakuta hakuna ubaguzi wowote. Hukumu yenyewe, ya kesi ya Trump dhidi ya Hawaii, iliyotolewa tarehe 26 Juni 2018, haikusema hili wala lile.

Desemba 2015, Donald Trump akiwa bado mgombea, alitoa taarifa ya kutaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Tarehe 27 Januari 2017, wiki moja baada ya kuapishwa, alitia saini amri iliyowafungia mlango kwa siku 90 raia wa Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen, na kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Huku kwetu makali yake yalionekana mara moja: wakimbizi wa Kisomali waliokwisha kuhojiwa, kupimwa afya na kuletwa Nairobi kungojea ndege walirudishwa Dadaab.

Majaji wa ngazi za chini waliizuia amri hiyo. Ikaja ya pili mwezi Machi, nayo ikagonga mwamba kwa sehemu kubwa. Ya tatu, iliyotolewa kama tangazo la rais Septemba 2017, ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu. Iligusa Chad, Iran, Libya, Somalia, Syria na Yemen, pamoja na Korea Kaskazini na Venezuela. Hizo mbili za mwisho, kwa maoni yangu, ziliwekwa kusafisha sura tu. Wakorea Kaskazini wanaokwenda Marekani ni wa kuhesabika, na kwa Venezuela walioguswa ni baadhi ya maofisa wa serikali na familia zao.

Watu wengi hawajui ni nani aliyeshtaki. Mgeni aliye nje ya mipaka hana haki ya kikatiba ya kuingia Marekani, kwa hiyo kesi ilifunguliwa na waliomo ndani: jimbo la Hawaii, kwa niaba ya chuo kikuu chake, chama cha Waislamu cha jimbo hilo, na watu watatu wenye ndugu katika nchi zilizotajwa. Mmoja wao, imamu wa Honolulu, mwanzoni alidai kwa ajili ya mama mkwe wake aliyekuwa Syria. Walisema Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanaikataza serikali kuipendelea dini moja au kuionea nyingine.

Walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba sheria ya uhamiaji inampa rais uwezo mpana wa kusimamisha uingiaji wa kundi lolote la wageni akiona linadhuru maslahi ya nchi. Kauli za Trump alizinukuu, hakuzificha. Lakini kipimo alichotumia kilikuwa chepesi: je, tangazo lina sababu ya usalama inayoingia akilini? Akajibu ndiyo, akitaja ukaguzi wa idara mbalimbali, kuondolewa kwa Iraq, Sudan na Chad, na kwamba nchi zilizoguswa na tangazo zina asilimia 8 tu ya Waislamu wote duniani.

Kiini cha mjadala kiko kwenye kipimo hicho. Tarehe 4 mwezi huohuo wa Juni, mahakama hiyohiyo ilimpa ushindi mwoka keki wa Colorado, aliyekataa kuoka keki ya harusi ya wanaume wawili, kwa sababu makamishna wa jimbo walikuwa wameidharau imani yake kwa maneno. Jaji Sonia Sotomayor, aliyeipinga hukumu ya marufuku, akauliza: mbona kule maneno yalihesabika, na hapa hayahesabiki? Watetezi wa hukumu wana hoja nzito pia. Majaji hawana taarifa za kijasusi, na si jambo dogo kusema kwamba tangazo lilelile lingekuwa halali likisainiwa na rais mmoja na haramu likisainiwa na mwingine. Bado naona swali la Sotomayor halijajibiwa sawasawa.

Jaji Stephen Breyer, aliyeipinga pia, aliangalia utekelezaji. Tangazo liliahidi misamaha maalumu kwa wenye shida, lakini katika mwezi wa kwanza, kati ya waombaji 6,555 waliostahili kufikiriwa, waliopewa walikuwa 2. Naye Jaji Anthony Kennedy, aliyepiga kura upande wa wengi, alikumbusha kwamba kiongozi anafungwa na Katiba hata pale ambapo majaji hawawezi kumfuatilia. Kesho yake akatangaza kustaafu.

Isitoshe, kilichoamuliwa kilikuwa ombi la kulizuia tangazo kwa muda wakati kesi ikiendelea. Mahakama ilisema walalamikaji hawakuonyesha kwamba wangeelekea kushinda, ikairudisha kesi chini.

Baada ya hapo orodha ikawa nyepesi kupanuka. Tarehe 31 Januari 2020 Tanzania iliingizwa, kwa bahati nasibu ya viza pekee, na sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu katika kubadilishana taarifa za usalama. Mkristo wa Mwanza na Mwislamu wa Tanga walikosa kwa pamoja. Rais Joe Biden alifuta marufuku hizo Januari 2021, lakini nafasi ya mshindi wa bahati nasibu hufa kila tarehe 30 Septemba mwaka wa bajeti unapofungwa, kwa hiyo waliokataliwa hawakurudishiwa.

Tangazo la tarehe 4 Juni 2025 liliigusa Burundi kwa vizuizi vya sehemu, vikiwemo vya viza za matembezi na masomo, na Kongo kwa marufuku kamili. Ni Kongo ya Brazzaville, si ya Kinshasa. Wengi wa Goma na Bukavu walishtuka bure. Desemba mwaka huo orodha ikapanuliwa na Tanzania ikarudi, safari hii kwa vizuizi vya sehemu. Mwenye viza iliyotolewa kabla ya tangazo kuanza kutumika hanyang'anywi kwa sababu ya tangazo hilo, na mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kusafiri kwa pasipoti ya nchi isiyotajwa. Kabla ya kumlipa wakala yeyote, angalia kwanza aina ya viza unayoomba.