"Toa kidogo, jua kali": tunayoambiana kuhusu upepo wa tairi, na ukweli wake

Ilikuwa Oktoba, mvua bado hazijashuka, saa nane mchana. Tulitoka Tabora mjini kwenda harusini Kaliua, watu watano ndani ya kigari changu, na nyuma magunia ya mchele na masufuria ya kukodi. Urambo tukasimama kunywa soda. Fundi pancha aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akanyanyuka na geji yake, akapima bila kuitwa.

"Mzee, 38 hii. Kwa jua hili litabasti. Nitoe?"

"Toa, acha 32."

Akaminya valvu, upepo ukatoka kwa mlio wa nyoka, tairi moja baada ya jingine. Nikampa elfu moja na shukrani juu. Kaliua hatukuiona mapema: tairi la nyuma kushoto lilipasuka njiani.

Sisemi fundi ndiye aliyelipasua. Tairi lilikuwa la zamani na mzigo tulizidisha wenyewe. Lakini ushauri ule nimeusikia kuanzia Ipuli mpaka stendi ya Kigoma, na katika yote tunayoambiana kuhusu matairi, huo ndio unaotuumiza zaidi.

"Jua likiwa kali, punguza upepo"

Unaingia akilini, ndiyo maana umedumu. Hewa ikipata joto inatanuka, kwa hiyo tairi lililojaa likipigwa na jua litapasuka kama puto. Nusu ya kwanza ni kweli. Joto likipanda kwa nyuzi 5 au 6 za Sentigredi, upepo ndani ya tairi huongezeka kwa PSI 1 hivi (PSI ndicho kipimo kinachosomwa kwenye geji, zile 38 na 32 za fundi). Gari lililopimwa 32 alfajiri, likapigwa jua na kukimbia kwenye lami saa nzima, kusoma 37 au 38 ni jambo la kawaida kabisa. Waliotengeneza tairi wanalijua hilo. Tazama ubavuni mwa matairi mengi ya gari dogo: kikomo kilichoandikwa ni 44 au 51. Kutoka 38 hadi huko bado kuna nafasi.

Kinachoua tairi ni joto linalozaliwa ndani ya mpira wenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea pale linapogusa barabara, kisha hunyooka, kisha hubonyea tena, mamia ya mara kila dakika. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka, halafu kiguse: kinaunguza, na ukiendelea kitakatika. Ukuta wa tairi unapitia hayohayo. Mwendo ukiwa mkubwa na mzigo mzito, joto huzidi, nyuzi na mpira huanza kuachana, na mwisho ni ule mlipuko tunaousingizia jua.

Kwa hiyo tulipotoa upepo pale Urambo tulilegeza tairi saa ambayo lilihitaji kukaza. Zile 32 zilipimwa likiwa la moto. Likipoa usiku zinabaki 26 au 27, na sisi tulikuwa tumepakia kama lori. Fundi wa Kaliua alipolitoa kwenye rimu, ndani tulikuta unga mweusi wa mpira uliosagika, kiganja kizima, na ukuta wa ndani una mchubuko unaozunguka kama mkanda. Ukiona unga huo ndani ya tairi lolote, ujue lilitembea likiwa limelegea, na usikubali lizibwe na kurudishwa barabarani.

Tairi hupimwa likiwa baridi, yaani gari limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi, kabla halijatembea zaidi ya kilometa moja na nusu. Ukilikuta la moto limepanda, liache. Ukilikuta la moto na bado liko chini ya kiwango chake cha baridi, hapo usingoje asubuhi, ongeza papo hapo.

"Namba sahihi imeandikwa kwenye tairi"

Ile ya ubavuni ni kikomo cha tairi, mwisho wake, haihusiani na gari lako hasa. Tairi moja linaweza kufungwa kwenye magari manne ya uzito tofauti. Kiwango cha gari kipo kwenye stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango, inama, utaiona. Na wala si kweli kwamba "30 inafaa kila gari", kama wengi wanavyojibu sheli wakiulizwa waweke ngapi.

Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuja huku, na stika imejaa Kijapani. Watu huiangalia mara moja wakafunga mlango. Maandishi yaache, namba zinasomeka: utaona kitu kama 220 au 240. Hizo ni kPa, yaani kilopaskali, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa 7 utakaribia PSI. 220 ni kama 32, 240 ni kama 35. Pembeni huwa kuna 2.2 au 2.4, upepo uleule ukipimwa kwa kilo kwa kila sentimeta ya mraba. Hakikisha pia saizi ya tairi iliyoandikwa kwenye stika ndiyo uliyofunga. Stika nyingine zina namba mbili za matairi ya nyuma, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Sisi tuliokuwa na mchele na masufuria tulistahili ile kubwa.

"Mimi nikiliangalia tu najua"

Hujui. Hata mimi sijui. Matairi ya "radial", ambayo ndiyo karibu yote ya siku hizi, hutuna kidogo chini hata yakiwa sawa, na yanaweza kupungukiwa robo ya upepo bila jicho kuona. Teke halisaidii. Utingo wa lori anayezunguka akigonga matairi kwa chuma hukamata lile lililokwisha kabisa katikati ya pacha, na hiyo ni kazi ya maana. Lakini sikio halitofautishi 100 na 80. Nunua geji yako, iweke kwenye droo ya dashibodi. Geji za kompresa za mtaani huangushwa chini kutwa nzima, na nimeshapima tairi moja kwa mafundi wawili Isevya nikapata majibu yaliyopishana kwa 5.

Kuhusu mafuta, hapa wanaotetea upepo nao huzidisha chumvi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuweka upepo sahihi huokoa wastani wa asilimia 0.6 ya mafuta, na ikizidi sana asilimia 3. Kila PSI 1 inayopungua kwenye matairi yote hula asilimia 0.2 hivi. Si haba kwa anayekwenda Kigoma na kurudi kila wiki, lakini pesa hasa inapotea kwenye tairi lenyewe: upepo mdogo unalila pembeni kote kuwili, mwingi unalila katikati, nawe unanunua jingine kabla ya wakati. Anayepandisha hadi 45 ili gari "liteleze" anapunguza sehemu inayoshika barabara, na breki ndizo zitakazomwambia.

Naitrojeni haina ubaya, ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Sioni sababu ya kuilipia.

Kutoa upepo kwenye mchanga mzito? Hiyo ni kweli, tairi hutanuka na kupata mguu mpana. Sharti uende polepole, na ukishika lami ujaze kwanza. Wengi husahau hilo la pili.

Kofia ya valvu nayo si pambo, inazuia vumbi lisiingie kwenye kisindano cha ndani. Fundi anapotia mate juu ya valvu na kungoja povu, anatafuta uvujaji ambao mara nyingi chembe ya mchanga ndiyo iliyouanzisha. Hata bila uvujaji, tairi zima hupoteza kama PSI 1 kwa mwezi.

"Spea ipo, usihofu"

Ipo, lakini ina nini ndani? Ile nyembamba ya muda huhitaji 60, karibu mara mbili ya matairi mengine, na mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Ya kwangu ilikuwa ya kawaida, mpya, haijaguswa tangu ninunue gari. Tulishusha magunia, tukashusha masufuria, tukaitoa chini kabisa. Geji ikasoma 14. Bodaboda mmoja aliyepita alikuwa na pampu ya mguu, tukapiga kwa zamu, na mjomba wa bwana harusi akiwa na suti yake.