Vitundu kwenye alminiamu havitokani na moto mdogo

Wanaojifunza kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu, wanakuja na kazi zao za alminiamu zimefungwa kwenye gazeti: sanamu ya sangara, kitasa cha mlango, wakati mwingine propela ya injini ya boti. Wamezisubu nyuma ya nyumba, hapa Mwanza, Igogo au Buhongwa, na kila wakizidi kupiga msasa ndivyo vitundu vinavyozidi kujitokeza, vya kuingia ncha ya sindano. Kabla sijauliza, jibu wanalo: "Fundi, moto ulikuwa mdogo. Nikiongeza bloa itatoka safi." Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia mwaloni, nimelisikia hata kwa mzee aliyekuwa akisubu sufuria kabla mimi sijajua kushika koleo. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Moto mdogo una dalili zake, na vitundu havimo. Alminiamu iliyopoa mno haifiki mwisho wa kalibu: pezi la samaki linakatikia njiani, kingo zinakuwa butu, na pale mikondo miwili ilipokutana unabaki mstari ambao ukiugonga unaachia. Vitundu vya duara, vyenye kuta laini zinazong'aa, vilivyotapakaa mwili mzima, hiyo ni gesi. Gesi yenyewe ni haidrojeni, na haidrojeni inatoka kwenye maji.

Alminiamu iliyoyeyuka ikikutana na mvuke huunyang'anya oksijeni. Oksijeni inakuwa ule utando wa kijivu unaouona juu ya chungu. Haidrojeni inayobaki inazama ndani ya metali. Metali ikiwa bado majimaji inaibeba bila tabu. Ikifika nyuzi 660 na kuanza kuganda, uwezo wake wa kuibeba unaanguka karibu mara 20. Gesi inatafuta pa kutokea, haipati, inabaki imefungiwa humo humo. Na kadiri unavyopandisha joto, ndivyo metali inavyokunywa gesi zaidi. Kwenye nyuzi 850 inaweza kubeba mara tatu hivi ya ile inayoweza kubeba pale inapoanza tu kuyeyuka. Kwa hiyo aliyepata vitundu akaongeza bloa, mzigo wa pili utatoka mbovu kuliko wa kwanza, naye atasema moto bado haujatosha. Mkaa unaisha, chungu kinapasuka, na sangara bado ana ndui.

Kinachowaponza ni macho. Shaba ikiyeyuka inawaka rangi ya chungwa, basi mtu anaisubiri alminiamu nayo iwe nyekundu. Kwenye joto lake la kumimina, kati ya nyuzi 700 na 750, ukiitazama juani ni fedha tupu, utadhani haijaona moto. Ukiiona nyekundu mchana kweupe, umeshapitiliza zamani. Nunua kipimajoto cha waya, aina ya K. Kinagharimu kidogo kuliko mkaa unaouchoma bure, na sielewi kwa nini mtu ananunua grainda mpya kabla ya hicho.

Sasa, hayo maji yanatoka wapi? Jamani, tunaishi kando ya ziwa. Masika hewa yenyewe ni nzito, mkaa umelala nje usiku kucha, na skrepa ni kava la injini ya boti lililokaa majini mpaka likaota unga mweupe. Unga ule umeshika maji. Grisi na rangi navyo vina haidrojeni. Vichome, visugue, kisha kila kipande ukipashe kwenye mdomo wa tanuru kabla hakijaingia chunguni. Hapo simtetei mtu yeyote anayeona uvivu, kwa sababu kipande chenye maji kikizama chini ya alminiamu iliyoyeyuka, maji yale yanageuka mvuke wenye ujazo wa mara 1,600 hivi, na chungu kinakurukia usoni. Koleo, kijiko cha kutolea utando na kalibu ya ingoti (kipande cha metali cha kuyeyushwa tena) vipashwe vilevile. Na usimiminie juu ya sakafu ya saruji. Saruji kavu kwa macho ina maji ndani, ikimwagikiwa inapasuka na kurusha vipande. Tandaza mchanga mkavu chini.

Wengine wanaisonga kwa fimbo "hewa itoke". Haitoki. Unavunja utando uliokuwa unaikinga, unafungua uso mpya wa kunywa mvuke, na unazamisha uchafu. Yeyusha haraka, toa utando mara moja kabla ya kumimina, mimina. Utaratibu wangu, ambao wanafunzi wanaunung'unikia, ni kuyeyusha mara mbili: skrepa chafu imiminwe kwanza kuwa ingoti na iachwe igande polepole, gesi nyingi inaondoka hapo, siku nyingine ndiyo unayeyusha ingoti safi kwa ajili ya sanamu.

Ukitaka kujua kama metali yako imekunywa, usisubiri msasa. Chukua kikopo kidogo cha chuma kilichopashwa, mimina kiasi, kiweke pembeni ukitazame kikiganda. Uso ukizama katikati na kuacha kishimo, gesi ni chache. Ukivimba, au ukatoa viputo vidogo dakika ya mwisho, usimimine kazi yako. Punguza moto.

Kuna tundu jingine ambalo halihusiani na gesi: moja kubwa, lenye kuta zenye mikwaruzo, sehemu nene, mara nyingi kichwani mwa samaki. Alminiamu ikiganda inapungua ujazo kwa asilimia 6 hivi, na sehemu nene inaganda mwisho ikiwa haina pa kuchota. Iwekee kisima cha akiba juu yake, shimo la metali ya ziada ya kuchota, kinene kuliko yenyewe, kigande baada yake. Kisima chembamba cha kubania metali hakisaidii kitu.

Mengine nayapitia mbio mbio.

Mchanga wa ufukweni eti ni mzuri kwa kuwa ni msafi. Usafi ndio ubaya wake: ziwa limeshauosha udongo wote, haushikani. Uchanganye na udongo wa kichuguu uliosagwa na kuchekechwa, maji kidogo tu. Ukiufinya kiganjani ukavunjika vipande viwili vyenye kingo kali, unafaa. Ukiacha kiganja kimelowa, umezidisha, na tunarudi kwenye haidrojeni.

"Wahenga wetu walisubu chuma, mimi nishindwe?" Warongo na Wahaya, wafua chuma wa kale wa kanda hii ya ziwa, walikuwa mabingwa, ila hawakumimina. Tanuru zao zilitoa bonge zito la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma, likafuliwa kwa nyundo. Chuma cha kumimina kinataka karibu nyuzi 1,200. Anza na alminiamu.

Makopo ya soda ni membamba, mengi yanaishia kuwa utando. Tafuta pistoni na vichwa vya injini: vina silikoni, vinatiririka hadi kwenye magamba ya samaki.

Sufuria za skrepa mimi sisubu. Skrepa ya mchanganyiko huja na risasi, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017, wakiwa wamechemshia maji yenye uchachu kwenye sufuria za aina hii kutoka nchi kadhaa, walikuta baadhi zinatoa risasi ya kiwango cha hatari. Sanamu hailiwi, ubaki huko.

Na maziwa, eti ukiyanywa yanaondoa moshi wa shaba. Shaba ya njano ina zinki, zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na ule moshi mweupe ukiuvuta, saa kadhaa baadaye unapata homa, baridi na kiu, unakwenda kupimwa malaria na majibu hayaonyeshi kitu. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Yeyushia nje, simama upande upepo unakotoka, na ukimwona daktari mwambie ulikuwa unayeyusha nini.