Waini ya kuchanganya haijachakachuliwa, jamani

Juzi tena mteja kageuza chupa, kasoma kwa nyuma aina nne za zabibu: Grenache Blanc, Clairette, Roussanne, Bourboulenc. Akanirudishia. "Kaka hii wamechakachua, niletee ya zabibu moja." Hilo neno nalisikia toka nianze kushika kizibuo na leo limenifika hapa.

Kuchakachua ni kutia maji kwenye maziwa halafu unanyamaza. Hii ilikuwa Châteauneuf-du-Pape nyeupe, kusini mwa Ufaransa, bonde la Rhône, jina linalolindwa na sheria toka 1936, na wala sheria haimlazimishi mtu kuchanganya, shamba la Beaucastel la hukohuko wanatoa moja ya Roussanne tupu. Anayechanganya kaamua mwenyewe.

Kwanini aamue hivyo? Jua. Kule zabibu zinaiva mpaka basi, sukari inapanda, ikichacha yote inakuwa alkoholi, 14% ni kawaida, ila ule ukali wa ndimu unaoifanya waini isimame unakuwa umeshakimbia. Grenache Blanc inajaza mdomo vizuri sana lakini ukiiacha peke yake inalegea. Bourboulenc inachelewa kuiva, ndo inaleta ukali. Clairette ina harufu ya maua ila hewa ikiigusa tu inachoka, kama tofaa ulilokata ukalisahau mezani. Roussanne, ganda lake lina wekundu wa kutu, ndo yenye asali na chai ya majani. Sasa toa mmoja hapo uone! Ni kama kumwambia mtu wa taarab atoe dumbaki abaki na fidla.

Ambacho watu hawaulizi, na ndo utamu wa kazi yenyewe, ni wanachanganya LINI. Kuna wanaovuna kila aina siku yake, kila moja inachacha kivyake, wanaonja, ndo wanaunganisha. Wengine wanazitupia pamoja toka mwanzo. Vitabu vinasifia njia ya kwanza eti unajua unachofanya, sawa, ila mimi zile zilizochacha pamoja naziona zimetulia zaidi, harufu moja haimkanyagi mwenzake. Tatizo kila nilipoonja nilikuwa nimeshaambiwa ipi ni ipi, kwahiyo hapo hata ulimi wangu siuamini sana.

Na ukisikia asali usidhani ni tamu, hii ni drai, sukari imeisha, unene unaousikia ni alkoholi. Halafu tafadhali msiigandishe! Nyuzi 12 inatosha, ikiwa baridi kama soda unakunywa ukali tu na harufu zote zimelala.

Yule mteja nilimmiminia kidogo, nikamwomba aiache kwenye glasi robo saa wakati anasubiri samaki wake. Aliponusa tena akauliza hii asali imetokea wapi, nikaigeuza chupa nikamwekea kidole kwenye jina la tatu.