Tundu Ni Dogo, Masharti Si Madogo: Upasuaji wa Vijiwe vya Figo

Malalamiko yanayotufikia kitengoni kuhusu kutoa vijiwe vya figo kwa tundu dogo la mgongoni yanafanana. "Mlinambia kitundu tu, mbona nimerejeshwa nyumbani?" Au: "Mbona nimelazwa siku tatu?" Mengine huja miezi baada ya mtu kutoka wodini, na hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi. Tunaamini hakuna anayekiuka maelekezo kwa makusudi. Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu.

Si kila jiwe la kupasuliwa. Lisilofika milimita 5 mara nyingi hushuka lenyewe ndani ya wiki chache, kwa maji na dawa ya maumivu. Lililokwama kwenye mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo hufuatwa kwa kamera nyembamba inayopita njia ya mkojo yenyewe, likavunjwa kwa leza bila ya kuchanwa popote. Lililomo ndani ya figo na kuzidi sentimita 2 ndilo ambalo kwa kawaida huingiliwa kwa mgongoni.

Njia hii ya mgongoni si majaribio. Madaktari wa Sweden waliieleza mwaka 1976. Mgonjwa hulazwa usingizi, mara nyingi akageuzwa kifudifudi. Sindano huongozwa kwa eksirei au altrasaundi mpaka ndani ya figo, njia yake hupanuliwa taratibu hadi kufikia sentimita 1 hivi au pungufu, kamera ikaingia, jiwe likasagwa na vipande vikatolewa. Kabla ya njia hii kuwapo ubavu mzima ulichanwa, na mtu alikaa wiki nyingi kabla hajarudi shambani au dukani.

Lakini tundu hilo limetoboa figo, na takriban sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo mbili. Ndiyo maana mtu hulazwa siku kadhaa ingawa tundu ni dogo, na ndiyo maana tunataka damu ya akiba, na tunawaomba jamaa waje kuchangia. Damu haiuzwi. Anayekudai pesa za chupa, hata akiwa amevaa koti jeupe, mripoti.

Sasa hao wanaorejeshwa. Kabla ya upasuaji mkojo wako huoteshwa maabara kuona kama una vijidudu, na majibu huchukua siku kadhaa. Vijidudu vikionekana, unatibiwa kwanza, kwa sababu jiwe likisagwa huku maji yakipitishwa kwa nguvu ndani ya figo, vijidudu huingia kwenye damu na mtu anaweza kufa. Cheti cha mkojo cha mwezi wa Rajabu hakitufai katika Shaabani, leta kipya. Anayetumia aspirini au dawa nyengine za kuyeyusha damu aseme siku ya kwanza ya kliniki, asituambie mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na asiziache bila ya daktari wa moyo kujua. Mjamzito hafanyiwi upasuaji huu. Zipo njia nyengine za kumsubirisha salama.

Chakula kinakoma muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Kipande cha mkate wa mofa "cha kushikia roho" nacho ni chakula, na tumeahirisha kwa sababu yake. Ukija umekula, nafasi hupewa anayefuata nawe hupangiwa tarehe mpya. Hatuna njia ya kukupandisha juu ya orodha kwa kuwa umevuka bahari kutoka Pemba, ingawa tunajua nauli ya boti na taabu ya kumwacha mtoto kwa jirani. Fomu ya ridhaa husainiwa na mwenye mwili akiwa mtu mzima mwenye fahamu zake. Mume hamsainii mke. Hili tunalieleza kila wiki.

Kuna dhana nyengine tunazozisikia tangu miaka. Dafu halivunji jiwe la sentimita 3, ni maji ya kunywa tu, na kwa kuwa ni maji si mabaya. Chokaa inayoganda kwenye birika kutokana na maji ya kisima haiendi kuganda kwenye figo. Bora uyanywe maji hayo yakiwa safi kuliko kuyaogopa ukakaa na kiu. Usiache maziwa wala dagaa kwa hofu ya madini ya chokaa, punguza chumvi. Lengo ni kukojoa lita 2 na nusu kwa siku, na katika Ramadhani maji hayo yagawe baina ya futari na daku. Mwenye historia ya vijiwe azungumze na daktari kabla ya kufunga.

Na mkojo wa damu si lazima uwe jiwe. Hapa Unguja na Pemba kichocho bado kipo, nacho hutoa damu vile vile. Kinaweza hata kuubana mrija wa mkojo mpaka figo ikavimba. Usijipe jibu kabla ya kupimwa.

Ukiwa na maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Figo iliyoziba na yenye usaha hutolewa mkojo usiku huo huo, jiwe linangoja.

Limebaki la mpira, ambalo ndilo malalamiko yanayokuja miezi baadaye. Wagonjwa wengi huachiwa mpira mwembamba ndani, kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ili mkojo upite wakati uvimbe unashuka. Hauonekani kwa nje, na maumivu yakipoa mtu husahau. Hukaa wiki chache tu, si zaidi ya miezi 3. Ukibaki, chumvi za mkojo huushika na wenyewe ukageuka jiwe. Ukitolewa kwa wakati ni kazi ya dakika chache, kamera ikipita njia ya mkojo. Uliosahauliwa mwaka mzima huweza kutulazimisha kurudi mgongoni. Tarehe imeandikwa kwenye kadi yako. Ukisafiri, iwe Bara au Oman, safiri nayo, umuoneshe daktari wa huko kabla ya tarehe hiyo kupita.