Je, wajua kwa nini kasri za Agra na ngome ya Amber zinafanana?

Watalii wenye siku chache kaskazini mwa India hupita njia moja: Delhi, Agra, kisha Jaipur. Delhi na Agra zilikuwa makao ya wafalme wa Mughal, Waislamu ambao asili yao ni Asia ya Kati. Jaipur, pamoja na ngome kongwe ya Amber iliyo kilimani jirani, ni ya Warajput, jamii ya wapiganaji, wa ukoo wa Kachwaha, ambao ni Wahindu. Mgeni hutarajia tofauti kubwa. Anachokuta ni matao yale yale yenye kingo za mawimbi, madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kimia, na vibanda vidogo vya kuba juu ya mapaa.

Chanzo ni ndoa. Mwaka 1562 Raja (yaani mfalme) Bharmal wa Amber, akiwa amebanwa na maadui, alimwoza binti yake kwa Akbar, mfalme wa Mughal. Mwaka 1569 binti huyo alimzaa Salim, aliyekuja kutawala kwa jina la Jahangir. Akbar hakuwadai wakwe zake wabadili dini, aliwapa vyeo. Man Singh, mjukuu wa Bharmal, akawa jemadari wake mkubwa, na mwaka 1576 aliongoza jeshi la Mughal katika vita vya Haldighati dhidi ya Maharana Pratap wa Mewar, Mrajput mwenzake. Udugu huu, basi, ulikuwa na gharama ya damu.

Undugu ukaingia kwenye majengo. Ndani ya ngome ya Agra, Akbar alijenga kasri iitwayo Jahangiri Mahal, na mihimili yake ya mawe mekundu imechongwa kwa mtindo wa mafundi wa Kihindu. Vile vibanda vya kuba navyo ni vya asili ya India. Vinne vinalizunguka kuba kubwa la Taj Mahal.

Na Taj Mahal yenyewe? Mumtaz Mahal alipofariki mwaka 1631, mumewe Shah Jahan, mfalme wa Mughal na mwana wa Jahangir, alichagua kiwanja cha kaburi lake kando ya mto Yamuna kilichokuwa mali ya Raja Jai Singh wa Amber, na akamfidia kwa nyumba nne za kifahari mjini Agra. Marumaru ilitoka Makrana, Rajasthan, ikasafirishwa kwa mikokoteni, na Jai Singh aliagizwa kusaidia. Barua ya kifalme ya mwaka 1637 inamlalamikia kwamba watu wake wanawazuia wachonga mawe Amber, hivyo hawafiki Makrana. Kwangu hiyo ndiyo hati inayoeleza mengi kuliko zote: wafalme wawili wanagombania mafundi wale wale! Jai Singh huyo ndiye aliyeipanua ngome ya Amber, ikapata ukumbi wa vioo na bustani ya mpango wa Kimughal.

Ushawishi ulifika hadi kwenye ibada. Mwenye siku moja ya ziada aende Vrindavan, kaskazini ya Agra, akaone hekalu la Govind Dev ambalo Man Singh alilijenga mwaka 1590. Ni la Krishna, mungu wa Wahindu, limejengwa kwa mawe mekundu kama ya ngome za Akbar, na dari yake imebebwa na matao makubwa ya Kimughal.