Mkate wa soda wa Ireland ni mkate gani?

Ukitaja mkate wa soda, wengi watafikiria chupa baridi. Soda ya mkate huu ni bekingi soda, ule unga mweupe wa dukani. Hata hivyo undugu upo: gesi inayochemka ukifungua soda ya chupa ndiyo hiyo hiyo inayouumua mkate huu.

Ni mkate usiotiwa hamira. Hamira ni viumbe hai, hufanya kazi taratibu, ndiyo maana donge lake hukandwa, likafunikwa, likasubiriwa. Bekingi soda haingoji. Ikikutana na kitu kichachu, na hapa ni mtindi, gesi hutoka papo hapo. Weka kijiko cha mtindi kwenye kibakuli, nyunyizia soda kidogo, utaona povu likifura. Povu hilo linatakiwa lifure ndani ya donge likiwa motoni, si mezani wewe ukiwa bado unatafuta chombo cha kuokea.

Ndipo mikono iliyozoea chapati inapoharibu. Huu haukandwi. Chekecha gramu 450 za unga wa ngano wa kawaida (usiwe ule uliokwisha tiwa bekingi pauda) na kijiko cha chai kimoja cha soda na kimoja cha chumvi. Fanya shimo katikati, mimina mtindi kama mililita 350, zungusha kwa vidole vilivyotanuliwa mpaka unga ushikane tu. Donge likinatanata kidogo, ndivyo linavyotakiwa. Lifanye duara, likate alama ya msalaba kwa kina, liingie oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 15, kisha 200 kwa dakika 25 hivi. Ugonge chini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Soda ikizidi utasikia ladha ya sabuni, na magadi ya kuchemshia maharage hayafai kuwa mbadala wake.

Kwa nini Ireland? Hali ya hewa ya kule ni ya unyevu, na ngano yake ni laini, haina ule mvutano ambao hamira inauhitaji. Bekingi soda ilipoanza kupatikana, kuanzia miaka ya 1830, ikaikubali ngano hiyo. Mtindi ulikuwapo tayari, ukibaki baada ya kusukasuka maziwa kutoa siagi. Oveni nyumba nyingi hazikuwa nayo. Mkate uliokwa katika chungu cha chuma chenye mfuniko, juu ya moto wa mboji iliyokaushwa (udongo wa kinamasi unaowaka kama kuni), na makaa yakapaliwa juu. Aliyewahi kupalia wali haihitaji picha.

Msalaba ule wapo waliosema unawatoa vijini mkateni. Kazi yake ya jikoni ni kupitisha joto hadi katikati, penye unene, na kurahisisha kuumega mkate vipande vinne. Ireland Kaskazini donge husukumwa bapa, likakatwa robo nne na kuokwa kwenye chuma bapa kama chapati.

Kuhusu zabibu kavu, sukari na mayai: vitie ukipenda, ni vitamu. Ila wenye msimamo mkali wa jambo hili watakwambia huo si mkate wa soda tena. Wenye zabibu una jina lake, na jina lenyewe maana yake ni mbwa wa madoadoa.