Ndevu kwa binti: tuanze na hedhi

Mabinti wengi wanaokuja kliniki kwangu hapa Nairobi kwa sababu ya ndevu wameshajaribu wembe, nta, uzi wa saluni na krimu za kila aina. Mimi huanza kwa kuwauliza kama hedhi huja kila mwezi. Wengine hushangaa, maana kilichowaleta ni kidevu.

Nywele nene, nyeusi, za kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au chini ya kitovu hutokana na homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo kutoka kwenye ovari na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Zikizidi na hedhi ikaanza kuruka miezi, mara nyingi chanzo ni PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayovuruga kazi ya ovari. Kati ya wanawake 10 wenye nywele za namna hii, 7 au 8 huwa na PCOS.

Hapo ndipo insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, huingia. Mwili usipoiitikia vizuri, kongosho huimwaga kwa wingi, nayo huchochea ovari kutengeneza testosteroni zaidi. Wakati huohuo hupunguza protini inayotengenezwa na ini kwa ajili ya kuishikilia testosteroni kwenye damu, kwa hiyo nyingi hubaki huru na kufika kwenye mashina ya nywele. Weusi ule wa shingoni ambao mama humwambia binti ausugue mara nyingi ni dalili ya insulini hiyo. Si uchafu, tafadhali msimkaripie. Ndiyo sababu napima sukari na presha, hata kwa binti mwembamba.

Kuna pia hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali, na dawa za kujenga misuli. Kinachoniumiza zaidi ni krimu za kung'arisha ngozi zilizotiwa steroidi kali kama clobetasol. Ukijipaka usoni miezi kadhaa, vinyweleo huzidi palepale, bila homoni za kiume kuhusika kabisa.

Nywele zikikuvamia ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito au utosi ukaanza kuota upara, usingoje. Huenda kuna uvimbe kwenye ovari au adrenali.

Kunyoa hakuongezi nywele. Wembe huacha ncha butu, ndiyo maana huhisi ngumu. Kung'oa ndiko huacha vipele na madoa kwenye ngozi nyeusi. Ukitaka leza, uliza kama mashine ni ya Nd:YAG, nanomita 1064, ambayo ni salama zaidi kwa ngozi yetu.

Kwa dawa, mara nyingi naanza na vidonge vya kupanga uzazi. Spironolaktoni, dawa inayozuia homoni za kiume, huongezwa baadaye, na ukiitumia usishike mimba, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Ngoja kama miezi 6 kabla ya kusema haikufanya kazi, kwa kuwa nywele zilizokwisha kuota zina mzunguko wao. Ukija, leta tarehe za hedhi zako na makopo ya krimu zote unazopaka, hata zile ulizonunua bila lebo.